Je, Wajua? Walimuua Mfalme, Kejeli Ikawafuata

Sogea kidogo hapo kwenye benchi, leo nina mzigo! Nina habari za watu waliowaua au kuwapindua wafalme, na za washairi, waigizaji na wachapaji waliowaandama kwa kejeli mpaka kaburini. Wengine waliandamwa hata baada ya kaburi, na utaona nina maana gani.

Tuanze hapa hapa mlangoni. Je, wajua kwamba Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa siku moja? Ilikuwa tarehe 9 Aprili 1899, kule Lango, na mstari wa mbele katika kuwasaka alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyepigana upande wa Waingereza. Wafalme wawili, siku moja, wote wakapelekwa visiwa vya Shelisheli!

Na wajua Kakungulu alitaka nini baada ya hapo? Alitaka kuwa mfalme yeye mwenyewe! Alikuja huku mashariki, akajenga ngome Budaka, akataka atambuliwe kuwa Kabaka wa Bukedi. Waingereza wakamnyima taji. Bukedi ndiyo nchi hii unayoikanyaga wewe mtu wa Buteba, kwa maana baadaye wilaya ya Bukedi ilikuwa na makao yake Tororo.

Usisahau pia kwamba siku zile hakukuwa na foleni ya malori Malaba wala Busia. Hadi mwaka 1902 mpaka wa Uganda ulifika Naivasha! Ungetoka Buteba kwa miguu, ukapita Mumias, ukaendelea siku baada ya siku, na bado ungekuwa ndani ya Uganda.

Haya, sasa shika benchi, twende London.

Je, wajua kwamba Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alivaa mashati mawili siku ya kukatwa kichwa? Ilikuwa Jumanne, 30 Januari 1649, na baridi ilikuwa kali. Hakutaka watu wamwone akitetemeka kwa baridi wakadhani ni hofu.

Akasubirishwa saa nyingi kabla ya kutolewa nje. Unajua kwa nini? Wabunge walikumbuka dakika za mwisho kwamba hakuna sheria ya kumzuia mtu kumtangaza mfalme mwingine, wakakimbilia kuitunga huku mfalme anangoja!

Watu 59 walitia saini hati ya kumuua. Lakini yule aliyeshika shoka alivaa barakoa, na hadi leo, zaidi ya miaka 370 baadaye, hakuna anayejua kwa hakika alikuwa nani. Hebu fikiri: kazi iliyoonwa na umati mzima, na mfanyakazi hajulikani!

Jaji mkuu wa kesi iliyomhukumu mfalme kifo, John Bradshaw, alivaa kofia iliyotiwa chuma ndani kwa kuogopa kupigwa risasi mahakamani. Kofia yenyewe ipo. Ukifika mji wa Oxford utaiona katika jumba la makumbusho la Ashmolean.

Sasa tuingie kwenye utamu wenyewe. Je, wajua kwamba wafuasi wa mfalme walikuwa na magazeti ya siri? Moja liliitwa Mercurius Pragmaticus, na kila toleo lilianza na beti 4 za ushairi wa kuwakejeli wabunge, ndipo habari zifuate. Gazeti linalofunguliwa kwa mashairi! Natamani desturi hiyo irudi, tena ianzie upande wetu huu.

Kulikuwa na jingine, The Man in the Moon, lililoanzishwa na John Crouch mwaka 1649, miezi michache tu baada ya mfalme kuuawa. Msimulizi wake ni mtu anayekaa mwezini na mbwa wake Towzer, na kwa kuwa yuko juu, anaona kila uchafu wanaoufanya wakubwa usiku! Serikali ikamsaka Crouch hadi ikamtia jela.

Na nani aliyeyauza magazeti hayo barabarani? Wengi walikuwa wanawake. Walipita mitaani na karatasi zilizopigwa marufuku, wakijua wakikamatwa ni kichapo au kifungo. Mimi nawavulia kofia akina mama hao kuliko wachapaji wenyewe.

Shika hii usiiachie: Marchamont Nedham, mwandishi wa Mercurius Pragmaticus, alikuwa ameandika kwanza gazeti la Bunge la kumtukana mfalme! Kisha akahamia kwa mfalme, akawatukana wabunge. Mwaka 1649 akafungwa gereza la Newgate, na mwaka uliofuata akatokea tena akiandika gazeti la Jamhuri. Kambi tatu, kalamu moja, na kila upande ulimlipa kwa sababu hakuna aliyejua kuuma kwa maneno kama yeye.

Je, wajua walichokicheka zaidi kwa Oliver Cromwell, kinara wa waliomuua mfalme? Pua! Ilikuwa kubwa na nyekundu, na waandishi wa mfalme waliiandika kwa miaka mingi bila kuchoka. Walipomaliza pua wakageukia ukoo wake, wakasema ni watu wa kupika pombe tu.

Hii inayofuata ndiyo niipendayo kuliko zote. Mwaka 1664, mfalme mpya Charles wa Pili akiwa tayari kitini, kilitoka kitabu cha mapishi. Kilidai kufichua jiko la Elizabeth, mke wa Cromwell, ambaye watani walimwita Joan. Dibaji inamchamba kwa ubahili, inasema alifuga ng'ombe katika bustani ya kifalme ya St James's ili apate siagi yake mwenyewe! Baada ya matusi, yanafuata mapishi ya kweli kabisa, ya nyama, ya mikate, ya vitu vitamu. Wakacheka, kisha wakapika! Leo wanahistoria wa chakula wanakisoma kujua Waingereza wa zamani walikula nini. Na ukiniuliza mimi, mke wa Cromwell anatoka humo akiwa na heshima yake: mama wa nyumbani asiyetaka kutupa pesa za watu. Aliyekusudia kumdhalilisha alimpikia jina jema.

Unafuata? Twende haraka.

Kijitabu cha maombi na mawazo yaliyosemwa kuwa ya mfalme mwenyewe, Eikon Basilike, kilianza kuuzwa siku zile zile za kifo chake. Kilipigwa chapa zaidi ya mara 30 ndani ya mwaka mmoja! Serikali ilishtuka hadi ikamtuma John Milton, mshairi mkubwa, aandike jibu. Jibu lake halikupata hata sehemu ndogo ya wasomaji hao.

Majumba ya maigizo yote ya London yalifungwa mwaka 1642, na yakakaa yamefungwa miaka 18. Wafuasi wa mfalme wakafanya nini? Wakaandika michezo ya kejeli ya kusomwa tu! Mwaka ule ule wa 1649 mchezo juu ya kifo cha Charles ulichapishwa kwa siri, watu wakaucheza vichwani mwao.

Bunge lililobaki baada ya wanajeshi kuwafukuza wapinzani mnamo Desemba 1648 lilipewa jina baya na watu wa mtaani: Makalio. Maana yake, yale mabaki ya nyuma ya mnyama. Sasa sikia walivyofanya tarehe 11 Februari 1660, ilipojulikana kwamba siku za Bunge hilo zinahesabika. London nzima ilitoka nje kuchoma nyama ya makalio ya ng'ombe barabarani! Karani kijana aitwaye Samuel Pepys alisimama mahali pamoja, akahesabu mioto 31 kwa mtupo mmoja wa macho, akaiandika katika shajara yake.

Pepys huyo huyo, je, wajua kwamba alikuwapo siku mfalme anakatwa kichwa? Alikuwa mvulana wa miaka 15, na alishangilia! Mwaka 1660, mambo yalipogeuka na ufalme ukarudi, alikaa na hofu kwamba mwanafunzi mwenzake wa zamani atayakumbuka maneno aliyoyasema siku ile. Bahati yake, mwenzake alikuwa ameacha shule kabla ya siku ile.

Mwaka huo huo wa 1660 majumba ya maigizo yakafunguliwa, na John Tatham akaleta mchezo wa kuwakejeli wabunge wale wa Makalio. Zaidi ya miaka 20 baadaye mwandishi Aphra Behn akauchukua, akauandika upya, ukarudi jukwaani. Huyo Behn alikuwa mwanamke aliyeishi kwa kalamu yake, tena kabla ya hapo alikuwa jasusi wa mfalme mjini Antwerp! Hadithi ya maisha yake peke yake ingejaza benchi hii mpaka jioni.

Karata nazo! Katika miaka ya 1670 ilitoka pakiti ya karata za kuchezea, 52 kamili, kila moja ina picha ya kumkejeli Cromwell au mwenzake. Ukipiga karata yako mezani, unampiga muuaji wa mfalme.

Je, umewahi kusikia shairi linaloitwa Hudibras? Samuel Butler alianza kulitoa mwishoni mwa 1662. Linamhusu Sir Hudibras, mwanajeshi wa upande wa Bunge, mnene, mwenye maneno mengi, anayepanda farasi pamoja na msaidizi wake Ralpho kwenda kuwazuia wanakijiji wasicheze na dubu. Mfalme Charles wa Pili alilipenda mno.

Pepys, yule wa mioto 31, alilinunua kwa shilingi 2 na peni 6 siku ya baada ya Krismasi. Hakucheka hata kidogo, akaliuza siku hiyo hiyo kwa peni 18! Kisha akaona London nzima inalizungumza. Mwezi Februari akarudi dukani, akalinunua tena. Wewe ungerudi?

Na Butler alipata nini? Mfalme alimpa pauni 300 na malipo ya pauni 100 kwa mwaka, lakini yalikuja akiwa amechelewa sana kuyafaidi. Alikufa maskini mwaka 1680. Mtu aliyeichekesha ikulu nzima! Hilo linanikera hadi leo.

Sasa nilikuahidi kejeli ya baada ya kaburi. Oliver Cromwell alikufa Septemba 1658 kitandani kwake, akazikwa kwa fahari kuliko wafalme wengi. Tarehe 30 Januari 1661, miaka 12 kamili tangu Charles auawe, maiti yake iliyofukuliwa ilitundikwa kwenye mti wa kunyongea, kisha ikakatwa kichwa. Maiti ikahukumiwa kifo! Kichwa kikawekwa juu ya mlingoti katika jumba la Westminster, kikakaa huko zaidi ya miaka 20. Baadaye kilipita mikononi mwa watu mbalimbali, kikaonyeshwa kwa kiingilio, na hatimaye kikazikwa katika chuo cha Sidney Sussex, Cambridge. Unajua mwaka gani? 1960! Mahali penyewe hapatangazwi.

Watu 10 waliohusika na kifo cha mfalme waliuawa mwezi Oktoba 1660 pekee. Wengine walikimbia. Watatu, Whalley, Goffe na Dixwell, walijificha Marekani, na leo mji wa New Haven una barabara tatu zenye majina yao, zinazokutana mahali pamoja.

Kuna sanamu ya shaba ya Mfalme Charles juu ya farasi. Bunge liliamuru iyeyushwe, ikauzwa kwa mfua vyuma John Rivet. Inasimuliwa kwamba aliifukia ardhini, kisha akauza visu vyenye mipini ya shaba akidai vimetokana na sanamu hiyo. Wafuasi wa mfalme walinunua kwa mapenzi, maadui wakanunua kwa furaha! Mfalme mpya aliporudi, sanamu ikafukuliwa ikiwa nzima. Ipo hadi leo karibu na Trafalgar Square, na umbali wa kutoka London hupimwa kuanzia hapo.

Mwaka 1703 mwandishi Ned Ward alitoa kijitabu cha kuwakejeli watu aliodai hukutana kila 30 Januari kula kichwa cha ndama, kama ishara ya kichwa cha mfalme. Je, wajua desturi hiyo ilivuka bahari? Wafaransa nao walimuua mfalme wao, Louis wa Kumi na Sita, tarehe 21 Januari 1793, na mpaka leo wapo Wafaransa wapenda jamhuri wanaokula kichwa cha ndama kila tarehe hiyo!

Siku 22 tu baada ya Louis kuuawa, mchoraji James Gillray wa London alitoa picha ya kuwakejeli waliomuua: mwanamapinduzi amekaa juu ya nguzo ya taa, anapiga fidla, huku mguu wake umekanyaga kichwa cha padri aliyenyongwa. Bila simu, bila intaneti, siku 22!

Haya, turudi kwetu. Naona umeanza kuangalia bodaboda. Ngoja, sehemu hii ni yako.

Je, wajua kwamba Mombasa nayo ilikuwa na mshairi wa kejeli? Muyaka bin Haji alisimama na watawala wa Kimazrui dhidi ya Sultani Seyyid Said, akiwachoma wapinzani kwa mashairi. Mwaka 1837 Seyyid Said aliwakamata wakuu wa Kimazrui, akawasafirisha hadi Bandar Abbas, na wengi hawakurudi. Muyaka alikufa 1840. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu, hasa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Miaka 100! Walioshinda vita walikuwa na merikebu na mizinga, lakini mashairi tunayoyaghani ni ya upande ulioshindwa.

Je, wajua kwamba Afrika Mashariki ilimpoteza mfalme kwa kuuawa hivi karibuni tu, mwaka 1972? Ntare wa Tano wa Burundi alikuwa na miaka 24. Alikuwa ametua Uganda, na Idi Amin akamkabidhi kwa serikali ya Burundi. Hakumaliza hata miezi miwili. Aliuawa Gitega tarehe 29 Aprili.

Huku kwetu, tarehe 24 Mei 1966, Milton Obote alituma jeshi kwenye Lubiri, yaani kasri ya Kabaka Mutesa wa Pili, kamanda akiwa Amin. Mvua kubwa ikanyesha. Kabaka akapanda ukuta, akaruka, akaumia mgongo, na akapanda teksi! Mtu aliyekuwa Rais wa kwanza wa Uganda, Kabaka wa Buganda, yuko kwenye teksi akitoroka jeshi lake mwenyewe. Alifika Burundi kwa kupitia Kongo, kisha London.

Alikufa London tarehe 21 Novemba 1969, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 45. Polisi walisema ni pombe. Mwandishi wa BBC John Simpson, aliyemhoji saa chache kabla, alisema hakuwa amelewa. Baganda wengi wanaamini hadi leo kwamba aliuawa kwa sumu.

Na nani aliyerudisha mwili wake nyumbani kwa heshima, ukazikwa Kasubi mwaka 1971? Idi Amin! Yule yule aliyeongoza shambulio.

Mwaka huo huo wa 1971 Byron Kawadwa aliandika mchezo wa nyimbo kwa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, na Wassanyi Serukenya akautungia muziki. Ni kejeli ya ikulu na ya mtu mwenye uchu wa kiti kisicho chake. Hakutaja 1966 wala Obote. Hakuwa na haja! Watazamaji wa Kampala waliutambua mkasa wao katika kila wimbo.

Ungedhani Amin angeupenda, maana unamcheka adui yake Obote. Lakini mchezo wa kumcheka mnyang'anyi wa madaraka humgusa kila mnyang'anyi. Mwanzoni mwa 1977 Kawadwa aliupeleka Lagos kwenye tamasha kubwa la FESTAC, kuiwakilisha Uganda mbele ya mataifa. Muda mfupi baada ya kurudi, watu wa Amin walimchukua kutoka Jumba la Taifa la Maigizo, wakamuua. Alikuwa mkurugenzi wa jumba hilo. Crouch wa London alipewa jela. Kawadwa wetu alipewa kifo. Jina lake lishike, na ukienda Kampala ukalipita jumba lile, mwambie uliye naye alikuwa nani.

Mwisho kabla hujapanda: je, wajua kwamba Lubiri ilikuwa na kundi la ngoma 15 zinazoimba kama marimba? Zinaitwa entenga. Wapigaji 4 hushika ngoma 12 za tuni, wengine 2 hushika 3 zilizobaki. Siku ya shambulio la 1966 wanamuziki walitawanyika, na kwa miaka mingi zikanyamaza kabisa. Kisha James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo akamtafuta mzee aliyezijua bado, akamletea vijana wa kufundishwa. Vijana wamejifunza, na entenga inapigwa!